Njaa Niliyoidhania Ulafi

Kwa miaka kadhaa njaa ilinirudia saa mbili tu baada ya mlo, nami nikajilaumu kwa ulafi na kuzidi kujinyima. Daktari niliyemwendea hakujali sana wingi wa chakula changu. Aliuliza kina nyuzinyuzi kiasi gani, yaani zile sehemu za vyakula vya mimea zisizomeng'enywa, na jibu la kweli lilikuwa kwamba karibu hazikuwamo.

Nyuzinyuzi hatuwezi kuzimeng'enya wenyewe. Hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, kama vile butireti, ambazo huchochea seli za ukuta wa utumbo kutoa homoni za GLP-1 na PYY zinazouarifu ubongo kwamba tumeshiba. Dawa za sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi huiga GLP-1 hiyo hiyo, ingawa nguvu yake ni kubwa mno kuliko ya mlo wowote.

Kosa langu lilikuwa pupa. Nilikimbilia gramu 25 kwa siku, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima, nikashinda wiki nzima tumbo limejaa gesi. Ongeza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na unywe maji ya kutosha.

Bakteria wa utumbo hugusa pia estrojeni, homoni kuu ya kike, ambayo nayo ina safari yake. Ini huifunga na kuimwaga kwenye nyongo ili itoke mwilini, lakini baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachoifungua, hata sehemu yake ikarudi kwenye damu. Mwaka 2011 Claudia Plottel na Martin Blaser waliziita jeni za bakteria zinazohusika na kazi hiyo estrobolomu. Kwa kuwa antibiotiki huweza kuua bakteria wazuri pamoja na wabaya, niliacha kuzimeza bila kuandikiwa.

Utasikia pia kwamba takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa kwenye utumbo. Ni kweli, ila serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya bakteria kama tiba ya huzuni anaruka hatua nyingi.

Mimi njaa ilipungua baada ya miezi miwili hivi. Hata hivyo, hedhi ikivurugika au uzito ukibadilika ghafla, pima kwanza damu, pamoja na homoni za tezi ya shingo, kabla ya kubadilisha chakula.