Wadogo zangu wa maabara, hilo duara la rangi ya machungwa sio zigospora

Wiki hii nimesimamia praktiko tatu na zote tatu nimetoka kichwa kinaniuma. Kuna mmoja kachora Amoeba proteus, yule amiba wa seli moja, safi kabisa, kiini katikati, vakuoli (kifuko) pembeni, sudopodia nne, yaani miguu yake ya muda, zimekaa kama vidole vya glavu. Nikainama kwenye maikroskopu yake nimuone huyo mnyama, nakuta kiputo cha hewa. Kiputo jamani, kile chenye duara jeusi pembeni kama tairi la baiskeli. Namuuliza hizi sudopodia umeziona wapi, ananijibu "si zipo kwenye kitabu sir". Sikumgombeza, na sababu mtaiona huko chini kwenye namba 4, ila niliporudi ofisini nikasema hapana, hawa watoto lazima niwaandikie.

1. Anzeni na lenzi ya mara 4. Najua mara 40 ndo ina raha lakini proteus akijinyoosha anafika nusu milimita, ukimtafuta kwa mara 40 ni sawa na kumtafuta tembo kwa kuangalia kwenye tundu la ufunguo.

2. Fungeni dayafram ya kondensa, ile ya kupunguza mwanga chini ya slaidi. Amiba ni kama ute wa yai ndani ya glasi ya maji, ukiwasha mwanga wote anapotea ukiwa unamtazama hivi hivi.

3. Kava slipu, kile kioo chembamba cha kufunikia, haikandamizwi kwa kidole!! Pakeni vaselini kidogo kwenye pembe nne ipate kusimama, kisha subirini dakika kumi maana amiba akishtuliwa anajikunja kibonge na anakuwa hana tofauti na uchafu. Hizo dakika kumi ndo mnazozitumia kusema slaidi haina kitu na kwenda kuiosha. Mkiosha slaidi nyingine mbele yangu tutagombana.

4. Haya, hii ndo yenyewe.

Mwaka wa pili nilipewa kazi ya kutafuta vampirela, yule amiba anayekula mwani kwa kunyonya. Jina lake sio utani, Cienkowski ndo aliliweka mwaka 1865 baada ya kumuona anavyofanya: anajibandika kwenye seli ya spirogira, ule mwani wa kijani wa nyuzi nyuzi, anatulia kama hana shida na mtu, kumbe chini anayeyusha ukuta wa seli, anatoboa tundu la duara, na ghafla vitu vya ndani vyote, ule utepe wa kijani uliojizungusha na kila kitu, vinavutwa vinaingia tumboni kwake. Seli inabaki ganda. Akishiba anajifungia kwenye sisti, yaani ganda la kujikinga, palepale juu ya uzi, anameng'enya, kijani kinapotea inabaki rangi ya machungwa, halafu anagawanyika na wanatoka wadogo wawili mpaka wanne wana njaa upya.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa nayajua kwa kichwa. Nikaenda mfereji wa mashamba ya mpunga, nikarudi na kopo limejaa spirogira, na kila siku saa nne usiku niko maabara mbu wananila. Wiki mbili natafuta kitu chekundu kinachotembea. Sioni kitu. Ninachoona ni nyuzi zenye seli tupu tupu na mipira ya rangi ya machungwa imekaa kaa juu yake, na mimi na akili yangu nikasema aa, hii spirogira inafanya konjugesheni, yaani seli mbili zinaungana kuzaliana, seli tupu ni za dume zimeshahamisha mali zao, mipira ni zigospora, lile zao la muungano wenyewe. Ikakaa vizuri kabisa kichwani. Tatizo moja tu, mifereji ya kuunganisha seli sikuiona. Kwenye kitabu ipo, kama ngazi, kwenye slaidi haipo. Nikafanyaje? Nikaichora. Michoro 11, kila mmoja na vingazi vyake nimevipigia rula, nikaandika ripoti kwamba vampirela hayupo, na nikamwaga kopo kwenye sinki kwa sababu lilikuwa limeanza kunuka.

Msimamizi wangu akaangalia michoro muda mrefu, mama mmoja mpole sana, afadhali angepiga kelele. Akauliza swali moja: mwanangu, hizo zigospora ziko ndani ya seli au nje?

Nje. Nilikuwa nimezichora nje mwenyewe kwa mkono wangu. Zigospora inakaa NDANI ya ukuta wa seli. Kilichobandikwa nje ni sisti ya vampirela, na zile seli tupu kila moja ilikuwa na kitundu cha duara ambacho nimekichora pia nikakiita "uchafu". Wiki mbili nimeangalia mizoga na muuaji amelala juu yake, nikasema ni harusi. Akauliza tena, na hivi vingazi? Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nikarudi mfereji ule ule kesho yake alfajiri, wenye shamba wameshafunga maji wavune, pamekauka, bata wanatembea.

Kwa hiyo dogo wa kiputo, ndo maana sikukugombeza.

5. Ukiona kitu kama jua lenye miale usikimbilie kusema vampirela, inaweza kuwa Actinophrys sol, kiumbe kingine cha seli moja. Huyo miale yake imenyooka ngangari maana ina mihimili ndani, na anakaa kusubiri siliati, kale kadudu ka seli moja kenye vinyweleo, ajigonge mwenyewe. Vampirela akielea naye ana miale, hapo ndo watu wanapopotea, ila mpe muda, akigusa uzi ataanza kutambaa juu yake. Mimi nilishawahi kumsubiri dakika arobaini kumbe ni Actinophrys, shingo iligoma siku mbili.

6. Maji ya bomba yana klorini, ongezeeni maji ya palepale mlipochota. Na zimeni taa mkienda kupiga stori, slaidi inakauka.

7. Kopo lililopo dirishani lenye karatasi nyekundu lisiguswe, lisifunguliwe, LISIMWAGWE. Ndio, linanuka. Nalijua.