Methotrekseti ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki

Ndugu wa Mbale, umeuliza kama mama aanze kumeza methotrekseti kila siku, maana wiki ya tano hii anameza vidonge 6 kila Jumatatu na vidole bado vimevimba. Hapana, na huyo jirani aliyemshauri mnyamazishe leo. Kwa baridi yabisi dawa hii ina siku moja tu ya wiki. Ikimezwa kila siku inazima uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa: chembe za damu zinashuka, mdomo unajaa vidonda, na wapo waliokufa hivyo. Wiki tano bado ni mapema. Nafuu huonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Maumivu yakizidi, daktari anaweza kumwongezea prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, kidogo kwa muda.

Sasa shika pakiti usome miligramu. Vidonge 6 vya 2.5 ni miligramu 15, dozi ya kawaida. Vipo pia vya 10. Akiuziwa hivyo duka jingine akameza 6 kwa mazoea, amekunywa 60! Asidi ya foliki, vitamini ya kutengeneza damu, kidonge cha miligramu 5, aimeze siku nyingine, tuseme Alhamisi. Hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo.

Kinachonitia hofu zaidi hapa Uganda ni Septrin, dawa ya kuua bakteria. Mtu akikohoa tu, duka la dawa linampa. Septrin na Fansidar, ile ya malaria, hupiga foliki palepale inapopiga methotrekseti, kwa hiyo zikikutana uboho ndio unaoumia. Anayemeza Septrin kila siku kwa ajili ya VVU lazima amwambie daktari kabla ya kuanza methotrekseti.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, si marufuku kama figo ni nzima. Ila zile sindano zake za kila mara kwenye kliniki za mtaani huchosha figo, na figo ndizo zinazotoa methotrekseti mwilini. Waragi, pombe kali ya hapa, aache kabisa, ini lina kazi ya kutosha.

Vipimo: picha kamili ya damu, ini na kreatinini (kipimo cha figo), kabla ya kuanza, kisha kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3, halafu kila wiki 8 hadi 12. Akipata homa, kikohozi kikavu chenye kubanwa pumzi, vidonda mdomoni au michubuko isiyo na sababu, asimeze dozi inayofuata, aende hospitali siku hiyohiyo.

Na asimgawie binti yake anayelalamika magoti. Vidonge hivi huharibu mimba.