Msingi wa nyumba ya chini kubebeshwa ghorofa

Ndugu, unauliza kama msingi uliojengewa nyumba ya chini utabeba ghorofa moja juu yake. Achana na ramani kwanza, piga hesabu ya uzito. Zege lenye nondo ni takriban kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, hivyo sakafu ya juu yenye unene wa sentimita 15 ni kilo 375 kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 tayari ni tani 6, hujaweka kuta, watu wala kabati la shemeji. Tangi la lita 2,000 likijaa, tani 2 nyingine. Fundi anasema "nguzo zitashika"? Muulize zinakanyaga wapi. Kama ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, mwite mhandisi aupime kabla hujanunua hata nondo moja.