Barua kwa mwanangu: kuhusu programu ya pumzi uliyopewa kazini

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika, na huku Dar sote wazima. Umeniuliza mawili. Hiyo programu ya uzingativu, yaani ya kutulia na kufuatilia pumzi, mliyowekewa kwenye simu hapo hospitalini London, ni ibada ya Kibudha iliyofichwa? Na kama ni tiba, mbona unamaliza dakika kumi za pumzi na uchovu uko palepale?

Asili yake ni ya Kibudha, hilo halina ubishi. Unalikumbuka hekalu la Wasinhala kule Upanga? Basi ni dini ile ile. Katika mafundisho yake ya kale, mtawa anaambiwa aende msituni, akae chini ya mti, akunje miguu na kunyoosha mgongo. Akivuta pumzi ndefu, ajue ni ndefu. Akivuta fupi, ajue ni fupi. Programu yako inaishia karibu na hapo. Fundisho lenyewe linaendelea mpaka kwenye maiti iliyotupwa, imevimba, imegeuka rangi, kunguru wanaidonoa, na mtawa ajiambie kwamba mwili wake nao utafikia hapo. Wewe uliyeosha maiti wodini unaelewa kwa nini hakuna anayeiuza sehemu hiyo. Tena uzingativu ni kimoja tu kati ya viungo vinane vya njia ya Budha. Kingine ni riziki halali: mfuasi hatakiwi kufanya biashara ya silaha, ya binadamu, ya pombe wala ya sumu.

Zamani kutafakari kulikuwa zaidi shughuli ya watawa. Waingereza walipouteka Mandalay, mji mkuu wa Burma, mwaka 1885 na kumhamisha mfalme wake, dini ikakosa mlezi, na watawa kama Ledi Sayadaw wakaanza kuwafundisha raia wa kawaida. Katika mkondo huo alitokea U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali aliyefundisha kutafakari. Mwaka 1955 alifuatwa na mfanyabiashara, S. N. Goenka, aliyekuwa akiteswa na kipandauso. U Ba Khin alimkatalia kwanza. Kuja kwa ajili ya kichwa tu, alisema, ni kulishusha hadhi fundisho. Mpaka Goenka alipobadili nia ndipo akapokelewa.

Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, mwanasayansi Jon Kabat-Zinn akaenda njia nyingine kabisa: aliweka dini kando, akawaita wagonjwa wa maumivu sugu, akawafundisha kwa wiki kadhaa. Simlaumu hata kidogo, maana wengi wao hospitali ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Kinachoniuma ni kilichofuata. Programu za simu zikaja, Headspace ikaanzishwa 2010, Calm 2012, na utulivu ukawa kitu cha kulipiwa kwa mwezi au mwaka. Mwaka 2021 Amazon ikaonyesha kibanda cha kuwekwa ndani ya maghala yake, mfanyakazi aingie, atazame video za kutuliza akili, kisha arudi kwenye mizigo.

Sasa tuje kwako. Kwa maoni yangu, kufuatilia pumzi zako hakugusi Uislamu wako, hujamsujudia yeyote. Zoezi hilo likikusaidia kupata usingizi baada ya zamu, endelea nalo. Ila umeniandikia kwamba usiku mnabaki wauguzi wawili kwa wodi nzima. Mwanangu, hilo halitibiwi kwa kufumba macho, na imenichoma sana kusikia kwamba anayepanga zamu hizo ndiye aliyewagawia programu. Ziandikeni zamu zote, tarehe kwa tarehe na idadi ya wagonjwa, mzipeleke kwenye chama chenu cha wauguzi kwa maandishi. Usiende peke yako.

Na muda wa bure wa programu ukiisha, usilipe. Ukitaka kujifunza kwa kina, vituo alivyoanzisha Goenka vinafundisha siku 10 bila ada, kulala na kula humo humo, na anayechangia ni yule aliyekwisha kuhitimu, kwa hiari yake. Uingereza vipo.

Chama kikiwajibu, nitumie nakala niisome mwenyewe.

Baba yako