Anza Kwenye Daftari: Maswali Yenu Kuhusu Kuthibitisha Vyeti vya Kuombea Ukaazi Nje

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vyeti: vya ndoa, vya kuzaliwa, vya shule na vya polisi, vilivyokataliwa au vinavyohofiwa kukataliwa na ofisi za uhamiaji za nchi nyingine. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nafanya kazi Sharjah kwa mshahara wa dirhamu 4,500. Nataka kumleta mke wangu na binti yetu wa miaka 6 kutoka Tanga. Cheti cha ndoa tulipewa na sheikh aliyetufungisha, na mtoto ana cheti chake cha kuzaliwa. Nimeambiwa nivitafsiri kwanza kwa Kiarabu, kisha vipelekwe ubalozini. Ni kweli?
*Msomaji, Sharjah*

Si kweli, na ukifuata njia hiyo utalipia tafsiri mara mbili. Tafsiri ni hatua ya mwisho.

Kwa upande wa kipato huna shida. Falme za Kiarabu zinamtaka anayedhamini familia awe na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makazi. Kazi iliyobaki ni ya vyeti, na hapa kuna jambo moja la kulielewa vizuri kabla ya kumtuma mtu popote. Muhuri unaogongwa juu ya cheti hausemi kwamba ndoa yenu ni ya kweli. Unasema tu kwamba saini iliyotangulia ni ya ofisa anayetambuliwa na yule anayegonga. Ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam haumjui sheikh wa Tanga. Unawajua maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, kwa kuwa sampuli za saini zao umewekewa. Wizara nayo haimjui sheikh, bali inamjua ofisa wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo na ndoa Tanzania Bara. Kwa hiyo cheti hupanda ngazi kwa ngazi, na ukiruka moja, ofisa wa juu yake hana cha kulinganisha. Atakirudisha.

Ngazi yako ya kwanza ni RITA. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mfungishaji ndoa anatakiwa kupeleka kumbukumbu ya ndoa kwa Msajili Mkuu, na kazi hiyo iko RITA. Hapa ndipo wengi hukwama: sheikh au padri alitoa cheti, bibi na bwana wakaondoka nacho, lakini kumbukumbu haikufika. RITA wakitafuta hawaioni, na kisichoonekana hakiwezi kuthibitishwa. Basi mke wako kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam ampigie mfungishaji, aulize kama kumbukumbu ilipelekwa na kwa namba gani ya daftari. Kama haikupelekwa, ipelekwe kwanza.

Cheti cha mtoto kikaguliwe pia. Watu huleta tangazo la kizazi wakidhani ndicho cheti. Tangazo ni karatasi inayotolewa kuonyesha kwamba mtoto amezaliwa, na haliwezi kushika nafasi ya cheti. Linganisha jina lako kama baba kwenye cheti hicho na lilivyo kwenye pasipoti yako, herufi kwa herufi.

RITA wakishathibitisha, vyeti vyote viwili viende Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu. Hapo kazi ya Tanzania imekwisha. Vikifika kwako, unaviombea uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, ambayo ada yake kwa hati binafsi ni dirhamu 150 kwa kila hati. Sasa ndipo unampa mtafsiri wa sheria mwenye leseni ya Wizara ya Sheria ya huko. Anatakiwa kutafsiri cheti pamoja na mihuri yote iliyogongwa, ndiyo maana tafsiri ya mwanzoni haifai. Na tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa Dar es Salaam, hata ikiwa nzuri namna gani, haina leseni hiyo.

Usiombe kibali cha kuingia cha familia kabla vyeti havijakamilika. Mtu akishaingia kwa kibali cha ukaazi ana siku 60 za kukamilisha taratibu, zikiwemo vipimo vya afya kwa mwenye miaka 18 na zaidi. Siku zikipita, faini ni dirhamu 50 kila siku kwa kila mtu. Familia nyingi huzimalizia siku hizo zikisubiri cheti kilichorudi Tanga.

Oman imo kwenye mkataba wa apostili. Nina cheti cha ndoa cha Zanzibar. Kwa nini ofisi ya Muscat imekataa kukipokea mpaka kiwe na muhuri wa ubalozi?
*Msomaji, Mjini Magharibi*

Kwa sababu apostili, yaani uthibitisho mmoja unaoshika nafasi ya mihuri ya ubalozi, hufanya kazi pale nchi zote mbili zinapokuwa ndani ya mkataba: inayotoa cheti na inayokipokea. Mkataba huo ni wa Hague, wa tarehe 5 Oktoba 1961, na Oman imo tangu 2012. Lakini apostili hutolewa na nchi iliyotoa cheti, si na nchi inayokipokea. Rwanda ilipoanza kuutumia mkataba huo Juni 2024, Tanzania na Kenya zilikuwa bado nje. Kabla hujalipa chochote, fungua orodha ya nchi wanachama kwenye tovuti ya Mkutano wa Hague, shirika linalousimamia mkataba huo, uone hali ya siku hiyo.

Nchi yako ikiwa haimo, njia ni ile ya ngazi. Kwa cheti cha Zanzibar usiende RITA, kwani daftari lao ni la Bara. Anzia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina ofisi Zanzibar kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano, na baada yake ubalozi mdogo wa Oman uliopo hapo hapo Unguja. Mwisho ni Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman. Tumeona watu wakivuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta mihuri ambayo wangeipata bila kupanda boti.

Mume wangu yuko Ujerumani na nimeomba viza ya kuungana naye. Nimelipa Nairobi kugongewa mihuri kwenye cheti cha ndoa na cha kuzaliwa, lakini ubalozi umesema hauhalalishi vyeti vya Kenya kabisa. Nimepoteza pesa?
*Msomaji, Mombasa*

Pole, dada. Mihuri hiyo haitakudhuru, ila sicho walichokuwa wanakitaka. Ujerumani ilisimamisha uhalalishaji, yaani ubalozi wake kugonga muhuri wa kuthibitisha, wa vyeti vya Kenya, na badala yake hufanya uchunguzi wa vyeti vyenyewe. Ofisi inayohusika huko Ujerumani, au kitengo cha viza, huuomba ubalozi uchunguze. Mtu aliyeaminiwa na ubalozi huenda kwenye ofisi ya usajili, hufungua daftari na kulinganisha. Anaweza pia kufika shuleni au kuwauliza ndugu. Gharama hubebwa na mwombaji na kazi huchukua miezi, kwa hiyo usikate tiketi wala kuacha kazi kwa kutegemea tarehe.

Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kinachokutwa daftarini kinafanana na ulichowasilisha. Kinachoamsha maswali zaidi ya vyote ni usajili wa kuchelewa. Nchini Kenya kizazi kisichosajiliwa ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa kimechelewa, na cheti kilichotoka mtu akiwa na miaka 25 hakimtoshelezi mchunguzi peke yake. Weka karibu karatasi za zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au kumbukumbu ya madrasa, cheti cha kumaliza msingi. Zile zilizoandikwa ulipokuwa mdogo zina uzito kuliko kiapo ulichoapa mwezi uliopita.

Kwa ndoa ya Kiislamu au ya kimila, hakikisha imesajiliwa kwa Msajili wa Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Na waambie ndugu kwamba huenda wakaulizwa. Wasijibu kwa kubahatisha: asiyekumbuka tarehe ya harusi aseme hakumbuki, kwa sababu tarehe ya kutunga ikipishana na ya daftari itakusumbua kuliko ukimya.

Pasipoti yangu inasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa Mohammed, na cheti cha kidato cha nne kina jina la babu ambalo pasipoti haina. Wakili ameniambia kiapo kinatosha. Kinatosha?
*Msomaji, Morogoro*

Kinatosha kwa baadhi ya ofisi, na si kwa zote. Kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo ni maneno yako mwenyewe kwamba majina haya ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine: huandaliwa na wakili, husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na humaanisha umeacha jina moja na kushika jingine. Wengi huchukua ya pili wakati walihitaji ya kwanza, kisha wanalazimika kubadilisha kila kitu.

Ushauri wetu: kosa la herufi lirekebishwe pale lilipozaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa ndicho chenye herufi ya ziada, omba RITA wakisahihishe, nawe utabaki na cheti kimoja safi badala ya cheti na maelezo yake. Cheti cha mtihani ni kigumu zaidi kuguswa, hivyo kwa jina la babu andaa kiapo kinachotaja majina yote kama yalivyoandikwa, namba ya pasipoti, namba ya cheti cha kuzaliwa na namba ya mtihani. Kiapo kisichotaja namba hakimsaidii ofisa kitu. Na kumbuka kiapo nacho ni hati: kitapanda ngazi zilezile na kulipiwa kama vyeti vingine.

Cheti changu nimekilamineti miaka mingi iliyopita ili kisichakae. Nikibandue?
*Msomaji, Kisumu*

Usikibandue, wino utatoka na karatasi itachanika. Wala usigonge muhuri juu ya plastiki. Omba cheti kingine kwenye ofisi ya usajili kwa kutumia namba iliyo kwenye hicho ulicho nacho. Na hicho kipya, wala usikitoboe, wala usitoe pini iliyoshikanisha kurasa zenye mihuri: kurasa zilizoachanishwa huhesabiwa kuwa zimechezewa.

Niko Bujumbura na ninataka kumpelekea mwanangu aliyeko Ulaya cheti chake cha kuzaliwa chenye apostili. Nimesikia kuna nchi zinazoikataa hata kama sisi ni wanachama.
*Msomaji, Bujumbura*

Ulichosikia ni sahihi. Mkataba ulianza kutumika kwa Burundi mwaka 2015, lakini nchi mwanachama inaweza kupinga kuingia kwa mwenzake, na hapo apostili haifanyi kazi kati ya hizo mbili. Ujerumani iliipinga Burundi. Kwenye orodha ya Hague tazama jina la Burundi, kisha usome nchi zilizopinga. Kama nchi aliyoko mwanao haimo kati ya hizo, apostili inatosha na hakuna haja ya ubalozi. Apostili ya kweli ina kichwa cha Kifaransa kinachotaja mkataba wa 1961, na vipengele 10 vyenye namba, kuanzia jina la nchi hadi saini. Kikikosekana kimoja, uliza kabla ya kukituma.

Niko Dubai. Naweza kumtuma dada yangu afuatilie vyeti vyangu Dar es Salaam? Na cheti cha tabia njema cha Polisi nikichukue lini?
*Msomaji, Dubai*

Mtume, lakini umpe hati ya uwakilishi. Itie saini mbele ya ofisa wa ubalozi mdogo wa Tanzania hapo Dubai au ubalozi wa Abu Dhabi, na itaje kazi anazoruhusiwa: kuomba, kulipia na kupokea vyeti fulani kwa namba zake. Hati inayosema tu "mambo yangu yote" huwatia maofisa wasiwasi. Ampe kila ofisi nakala ya pasipoti yako, na malipo yote ya serikali ayafanye kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa simu ya mtu. Anayekuahidi mihuri yote kwa siku moja kwa kumtumia pesa kwenye namba yake binafsi, mwepuke. Muhuri wa kughushi ukigundulika, anayehojiwa ni mwenye cheti, na maombi yake ya baadaye huanza na doa hilo.

Cheti cha Polisi kiwe cha mwisho kuombwa. Vyeti vya kuzaliwa na ndoa havina haraka hiyo, ila hiki ofisi nyingi hukihesabu kuwa kimekwisha baada ya miezi 3 au 6 tangu kilipotolewa, na siku zinazotumika Wizarani na ubalozini zimo ndani ya muda huo. Kitahitaji alama za vidole, nazo huwezi kumtumia dada. Uliza ubalozi mdogo utaratibu wa kuzichukulia huko, na uzipeleke vyeti vingine vikiwa vimeshafika ngazi ya ubalozi wa Falme.