Maswali ya Kiingereza: hizi "if" zinatutesa wote

Toleo lililopita niligusia kidogo sentensi za masharti, zile za "if", na maswali yakamiminika. Nimechagua haya machache manake mengi yalikuwa yanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti.

Swali: Mwalimu shikamoo. Nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi nikaweka "If I will get this job, I will work hard". Dada yangu akaisoma akaikata ile will ya kwanza, nikamuuliza kwa nini, hana jibu, anasema ndivyo ilivyo tu. Sasa mimi naongelea mambo ya mbele, kazi yenyewe sijaipata, will inakosaje kukaa pale?

Jibu: Marahaba. Dada yako yuko sahihi ila amekuacha njiani. Kichwani ulikuwa na "kama nitapata kazi hii", hiyo -ta- ndo imekuponza, umeibeba hadi ikawa will. Hebu iseme kwa namna nyingine, "nikipata kazi hii nitafanya bidii". Umeiona hiyo -ki-? Haina jana wala kesho, habari yote ya mbele imekaa upande wa pili, kwenye "nitafanya". Kiingereza nacho kinafanya hivyohivyo: "If I get this job, I will work hard". Kwa hiyo kabla hujaandika ipitishe sentensi yako kwenye -ki- kwanza, ikikubali basi upande wa if unaweka kitenzi cha wakati uliopo wa kawaida na will unaipeleka ng'ambo.

Na usidhani ni if peke yake, when, before, until na as soon as zina tabia hiyohiyo. "I will call you when I arrive", yaani nikifika, sio "when I will arrive".

Mtego upo mmoja. "I don't know if he will come" iko sawa kabisa, usije ukaikata will kwa wasiwasi. Hiyo if sio ya sharti, ni ile ya "sijui kama atakuja", hakuna jambo linalosubiri lingine. Kuipima ni rahisi, toa if weka whether, sentensi inasimama vizuri tu. Fanya hivyo kwenye sentensi yako ya kazi uone inavyoanguka.

Swali: Hivi ile wanayoita zero na ile ya kwanza zinatofautiana nini? Mbona naona kama zinafanana.

Jibu: Ya zero ni kitu ambacho kikitokea hiki na kile hutokea, siku zote, "If you heat ice, it melts". Kiswahili tungeweka hu-, "ukipasha barafu moto huyeyuka". Pande zote mbili wakati uliopo, will haihitajiki. Ya kwanza ni tukio fulani la mbele. Basi, usiumize kichwa na namba hizo, ni za vitabu.

Swali: Mwalimu nisaidie, nimekosa maksi na sijaridhika. Niliandika "If I would have time, I would learn French" ikapigwa kosa. Ningekuwa na muda ningejifunza Kifaransa, si ndo hivyo? Huku -nge- na huku -nge-, na mimi nikaweka would mbili, haki sawa.

Jibu: Haki sawa hapo haipo, pole sana! Lakini nimeipenda hoja yako kwa sababu umeweka kidole palepale penye ugonjwa. Kiswahili kinataka pande mbili zifanane, tena mwalimu wa Kiswahili anakukata maksi ukiweka -nge- huku na -ngali- kule. Kiingereza kinakataa. Would inakaa upande wa matokeo tu, na upande wa if kitenzi kinarudi wakati uliopita: "If I had time, I would learn French".

Najua utauliza, had si ya zamani? Kwa umbo ndiyo, kwa maana hapana, mtu hapo anaongelea leo. Wakati uliopita umetumika kuonyesha kwamba jambo lenyewe halipo au ni la kuwaza tu. Weka hizi mbili pamoja uone: "If I have time, I will come" na "If I had time, I would come". Ya kwanza, muda ukipatikana nakuja, nisubirini. Ya pili aliyekualika ameshaelewa huji. Kwa hiyo ukimtumia mtu ya pili wakati ulimaanisha ya kwanza umeshamkatalia mwaliko bila kujua, halafu ukienda unakuta hakuna kiti chako.

Hapohapo kuna "If I were you", ningekuwa wewe. Were inakaa na nafsi zote hapo, I, he, she, it. "If I was rich" utaisikia sana hata kwa wenye lugha yao na hakuna anayeshtuka, ila kwenye mtihani au barua rasmi weka were ulale usingizi. "If I was you" ndo isikie tu, usiiandike.

Swali: Nataka kumwambia mtu "ningejua unaumwa ningekuja kukuona". Naisemaje? Halafu kwenye meseji naona wengi wanaandika "would of", ni sahihi? Na ile 'd inayorukaruka mara mbili kwenye sentensi moja ni nini jamani.

Jibu: Maswali matatu kwa bei ya moja, haya.

La kwanza, inategemea ni lini, na Kiswahili chetu cha kila siku hakikwambii. Darasani tunafundishwa -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya yaliyopita, lakini kwenye maongezi -nge- inabeba zote mbili na wengi hata hatuioni tofauti, ndo maana tukifika hapa kwenye Kiingereza tunakwama, wenyewe wanaitenganisha kabisa. Kama mtu alishapona na nafasi ya kumtembelea imepita, ni "If I had known you were sick, I would have come to see you". Upande wa if ni had na kitenzi cha safu ya tatu, ile ya go, went, gone. Upande wa pili ni would have na safu ya tatu tena. Haya ndo yale ya ningejua huja baadaye, jambo limeshapita na huwezi kuligeuza.

Ukisema "If I knew you were sick, I would come", umesema hadi sasa hujui kama anaumwa. Na wewe unamwambia mwenyewe! Ataona unamfanyia utani.

Hiyo "would of" ni kosa la masikio. Mtu akitamka would've haraka inasikika hivyohivyo, lakini kinachoandikwa ni have. Wanaoiandika mara nyingi ni wenye lugha wenyewe, maana wao walijifunza kwa kusikia, kwa hiyo usiige kisa umeiona kwa Mwingereza.

'd sasa. "If I'd known, I'd have come". Ya kwanza ni had, ya pili ni would, na ukitaka kuzijua angalia neno linalofuata. Ikifuata safu ya tatu kama known, ni had. Ikifuata have au kitenzi kitupu, ni would. Vitenzi kama come na put vinaweza kukuzingua kwa sababu safu ya kwanza na ya tatu zinafanana, hapo sikiliza sentensi nzima. Na "If I would have known" utaisikia kwenye maongezi, hasa ya Wamarekani, lakini msahihishaji wa mtihani hana huruma nayo.

Nikuongezee moja ambayo hukuuliza. Sababu inaweza kuwa ya zamani na matokeo ya leo, ningeweka akiba saa hizi ningekuwa na gari. "If I had saved money, I would have a car now". Huku had saved, huku would have peke yake bila safu ya tatu. Hiyo "have a car" ni kumiliki, usiichanganye na ile have ya "would have come".

Swali: Koma inawekwa lini?

Jibu: If ikitangulia weka koma katikati, if ikija nyuma usiweke. Twende.

Swali: Mwalimu, unless si ni sawa na "if not"? Mbona niliandika "I will be surprised unless he comes" nikaambiwa haieleweki.

Jibu: Mara nyingi ni sawa. Usipoharakisha utachelewa, "Unless you hurry, you will be late". Not imeshakaa ndani ya unless kama ilivyokaa ndani ya -sipo-, ndo maana "Unless you don't hurry" inageuza maneno, inakuwa ukiharakisha ndo utachelewa.

Ila unless inafungua mlango wa kutokea tu: jambo litakuwa hivi, labda kile kitokee kizuie. Wewe ulitaka "nitashangaa asipokuja", yaani kutokuja kwake ndo kutakushangaza. Hapo hakuna cha kuzuia kitu, kutokuja kwenyewe ndo sababu, kwa hiyo unless inakataa, sema "I will be surprised if he doesn't come". Mwenzake ni in case, nao wanaichanganya na if. "Take an umbrella in case it rains" unabeba mwavuli sasa hivi, isije mvua ikakukuta. Ukisema "if it rains" unaubeba pale tu mvua inaponyesha.

Swali: Nafanya kazi mapokezi. Bosi ameandika tangazo, "If you would kindly sign here" na chini "Should you need help, please ask". Mimi nimekariri would haikai na if, na hiyo should sijui imetokea wapi. Nimwambie abadilishe?

Jibu: Usimguse bosi wako dada, yuko sawa kote. Hiyo would ya kwanza ni ya kuomba kwa adabu, "tafadhali ukikubali kusaini hapa". Hata will inaingia kwa maana hiyohiyo ya kukubali, "If you will wait here, I will call him". Tulichokataa ni would na will za kutaja wakati au kuwaza. Na "Should you need help" ni "If you should need help", if imetolewa na should ikaruka mbele, ndo Kiingereza cha maofisini. Hata had inaruka hivyo, "Had I known". Were pia, "Were I you". Kukanusha ndo angalia, ni "Had I not known", hiyo "Hadn't I known" usiiandike kwenye tangazo.