Mahindi ya njano na maji yapo: chimba kwanza kabla hujaongeza yurea

Mkuu, umeuliza kwa nini mahindi yako yanageuka njano wakati unamwagilia kila siku, na kama uongeze mbolea ya yurea. Subiri kidogo nikueleze yaliyonikuta.

Msimu wangu wa kwanza wa umwagiliaji niliweka yurea yote kwa mkupuo mmoja mahindi yakiwa machanga, kisha nikawa nafungulia maji kila jioni. Udongo wangu ni wa kichanga. Haukupita muda, majani ya chini yakaanza unjano kwenye ncha, ukaingia ndani kufuata mshipa wa katikati kama herufi V, kingo zikiwa bado kijani. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye yurea. Yurea ikishageuka naitreti, yaani naitrojeni inayoyeyuka, inatembea na maji, na mimi nilikuwa naisukuma chini ya mizizi kwa mikono yangu.

Msimu uliofuata nikaigawa: kidogo wakati wa kupanda, sehemu kubwa mahindi yalipofika magotini, iliyobaki kabla ya mbelewele, yaani maua ya kiume ya kileleni, kutoka. Nilifukia kila mara, maana yurea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na joto, sehemu yake inapotea hewani. Shamba likawa kijani cha kupendeza. Mbelewele zilipochomoza, pampu ikaharibika, siku kumi na moja bila maji. Majani yakajikunja, ndevu, zile nyuzi za gunzi zinazopokea chavua, zikachelewa kutoka hadi chavua ya mbelewele ikawa imekwisha. Nilipomenya nilikuta magunzi vibogoyo, punje mbili tatu hapa, pengo pale. Mbolea ilikuwepo yote, haikuokoa kitu. Iliniuma sana.

Tangu hapo naanza na swali moja: maji ya wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya ndevu kutoka nina uhakika nayo? Kiasi cha mbolea nakipanga kwa mavuno ambayo maji hayo yanaweza kuyafikisha. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni kilo 23 tu, na samadi nayo naihesabu.

Kwako wewe, kesho usimwagilie. Chimba katikati ya mistari kina cha mkono hadi kiwiko, shika udongo wa chini uubane. Ukitiririka maji, tatizo ni maji yenyewe, mizizi inakosa hewa. Ukishikana bila kuchuruzika, fukia yurea kidogo kando ya mmea, mwagilia kiasi cha kuizamisha tu. Ukishachimba, andika hapa umekuta nini, na mahindi yana wiki ngapi.